Kunukisha Nyumba kwa Vitu vya Jikoni

Manukato ya nyumba yanayotengenezwa kwa vitu vya jikoni hufanya kazi mbili ambazo wengi huzichanganya: kuondoa harufu mbaya na kuleta harufu nzuri. Bekingi soda, siki, mkaa na majivu ni vya kazi ya kwanza. Karafuu, mdalasini, maganda ya machungwa, mchaichai na maua ni vya kazi ya pili. Makopo ya kupuliza yanayouzwa madukani kwa kiasi kikubwa hufanya hiyo ya pili tu, na ndiyo maana choo kilichopuliziwa mara nyingi hunuka choo na waridi kwa pamoja. Anayetengeneza ya kwake anaweza kufanya zote mbili kwa fedha kidogo, mradi aanze na ile isiyopendeza.

Harufu ni molekuli zilizokiacha kitu zikaingia hewani na kufika puani. Joto huzidisha kuruka kwake. Ndiyo sababu jalala hunuka zaidi saa nane mchana kuliko alfajiri, na ndiyo sababu karafuu zinazochemka jikoni husikika hadi barazani, ilhali karafuu hizohizo zikiwa kavu ndani ya kopo hazisikiki hata chumba cha pili. Pua nayo ina tabia ya kuzoea. Mtu akikaa chumbani kwa dakika chache, ubongo huacha kuishughulikia harufu iliyopo, hata iwe kali. Mwenye nyumba hasikii kitu, mgeni huisikia akiwa bado mlangoni. Kipimo cha kweli, basi, ni kutoka nje kwa robo saa na kurudi, au kumuuliza jirani asiyejua kuficha.

Kabla ya kuchanganya chochote, chanzo hutafutwa. Katika nyumba nyingi za mjini chanzo ni unyevu: ukungu nyuma ya kabati lililosogezwa hadi ukutani, godoro lisiloona jua tangu masika, dekio linaloachwa ndani ya ndoo likiwa bado bichi. Hakuna karafuu itakayoshinda dekio la namna hiyo. Huoshwa, hukamuliwa na kuanikwa nje, na nusu ya tatizo huisha siku hiyohiyo. Chanzo kingine kinachosahaulika kiko bafuni. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafuni kuna bomba lililopinda ambalo kila mara hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya chemba isipande ndani. Bafu la wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hukauka na njia hubaki wazi. Watu hununua kopo la manukato baada ya kopo, kumbe dawa ni kumwaga maji lita moja au mbili ndani ya tundu. Kijiko cha mafuta ya kupikia kikimiminwa juu ya maji hayo huelea na kuyachelewesha kukauka.

Harufu zinazobaki baada ya usafi hugawanyika kwa namna inayomsaidia mtengenezaji. Nyingine ni za asidi: maziwa yaliyochacha, jasho lililokauka kwenye soksi na viatu, matapishi ya mtoto kwenye zulia. Nyingine ni za upande wa pili, yaani besi: shombo la samaki na ukali wa mkojo wa zamani. Shombo hutokana na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza ndani ya samaki baada ya kufa. Ukali wa mkojo ni amonia, inayozaliwa bakteria wanapoivunja urea. Asidi na besi zikikutana hutengeneza chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo haifiki puani. Mama anayemkamulia samaki ndimu kabla ya kumkaanga anafanya kemia hiyo kila siku: asidi ya ndimu huifunga trimethilamini ikabaki kwenye maji ya kuoshea.

Kanuni ya nyumbani hutoka hapo moja kwa moja. Harufu ya asidi hutibiwa kwa besi laini, na bekingi soda ndiyo besi laini iliyo karibu zaidi. Hunyunyizwa kavu ndani ya viatu jioni na kukung'utwa asubuhi, au hutandazwa juu ya zulia kwa saa chache kisha hufagiliwa. Harufu ya besi hutibiwa kwa asidi, nayo ni siki au maji ya ndimu: ubao wa kukatia samaki husuguliwa kwa siki, na godoro alilokojolea mtoto hupanguswa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa kabla ya kutolewa juani. Harufu ya siki yenyewe hutoweka mara inapokauka. Bekingi soda isichanganywe na bekingi poda ya keki, ambayo tayari ina asidi na wanga ndani yake, wala na magadi ya kulainishia maharage. Magadi, yanayotoka katika maziwa kama Natron na Magadi, ni makali zaidi na huweza kuwasha ngozi. Kwa kazi ya harufu hayana faida inayozidi usumbufu wake.

Maelekezo mengi yanayopitishwa kutoka simu hadi simu humwambia mtu achanganye siki na bekingi soda pamoja. Povu linalopanda huwapendeza watazamaji, lakini ni povu la hewa ya kaboni dayoksaidi tu. Asidi na besi zimeshamalizana zenyewe kabla ya kukutana na harufu yoyote, na kinachobaki chupani ni maji yenye chumvichumvi. Mchanganyiko huo unaweza kusaidia kusukuma uchafu mwepesi kwenye bomba la sinki. Kama dawa ya harufu hauna maana.

Umbo la chombo nalo lina uzito wake. Watu huweka pakiti ya bekingi soda ndani ya friji ikiwa imechanwa kona moja tu, kisha hushangaa kwamba vitunguu bado vinasikika kwenye maziwa. Unga hufanya kazi pale hewa inapougusa. Vijiko vinne vikitandazwa kwenye sahani pana vitafanya kazi nzuri kuliko robo kilo iliyomo kwenye kopo lenye mdomo mwembamba. Hukorogwa kila wiki, na baada ya mwezi mmoja au miwili hubadilishwa. Wa zamani hautupwi, huenda kusugulia sinki.

Mkaa hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na molekuli za harufu hunasa kwenye kuta za vitundu hivyo, ziwe za asidi au za besi. Mkaa wa viwandani unaochomwa upya kwa mvuke wa joto kali ili kuvifungua vitundu vyake huweza kuwa na kuta zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 500 katika gramu moja tu, eneo linalozidi uwanja wa mpira wa kikapu. Mkaa wa kawaida wa gunia haufiki huko, lakini haukosi nguvu, na watu wa pwani wana bahati ya kuwa na vifuu. Mkaa wa vifuu vya nazi ni mgumu na una vitundu vidogo mno, na ni mojawapo ya malighafi kuu za mkaa wa kuchujia maji na hewa duniani kote. Vipande vya ukubwa wa kidole gumba hupanguswa vumbi, hufungwa kwenye kitambaa cha pamba kilicho chepesi, na kifurushi huwekwa kabatini, ndani ya friji, chini ya kiti cha gari au kwenye kona yenye unyevu. Kila baada ya wiki tatu au nne huanikwa kwenye jua kali kutwa nzima ili kitoe sehemu ya kilichonaswa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkaa huu ni mkavu na haujawashwa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Choo cha shimo kina taratibu zake. Kikombe cha majivu makavu kinachomwagwa baada ya kila matumizi, au angalau asubuhi na jioni, hufunika kinyesi, hunyonya maji na kuwafukuza nzi. Kumwaga dawa kali za kuua vijidudu humo ni kujirudisha nyuma, kwa kuwa huua pia bakteria wanaoozesha taka. Anayejenga upya hufaidika zaidi na bomba la kutolea hewa kuliko na manukato yoyote. Choo cha namna hiyo, kinachojulikana Afrika Mashariki kama choo cha VIP, kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni ikatokea juu ya paa, na wavu uliofungwa kwenye ncha huwanasa nzi wanaofuata mwanga.

Harufu mbaya ikishaondoka, au ikishapungua, ndipo manukato yanapoleta maana. Karafuu inastahili nafasi ya kwanza. Tumba hilo la ua, linalochumwa kabla ya kuchanua na kukaushwa juani, lilifikishwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na kuugeuza uchumi wa Unguja na Pemba. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali yenye harufu nzito isiyoruka upesi. Hapo ndipo karafuu inapoyashinda maganda ya ndimu na machungwa: yale huchangamsha chumba kwa nusu saa yakaisha, karafuu hukaa. Hata makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya tumba kuchambuliwa, yana mafuta. Pemba kuna kiwanda kinachoyakamua kwa mvuke, na mwenye shamba anaweza kuyatumia makonyo nyumbani badala ya tumba lenye bei.

Wasio na karafuu karibu hawakosi kingine. Mchaichai huota nyuma ya nyumba kuanzia Tanga hadi Bujumbura, na harufu yake ya kilimau hutokana na sitrali, iliyojaa kwenye majani. Majani ya mkaratusi hupatikana bure kwenye nyanda za juu, kutoka Lushoto na Njombe hadi Rwanda, ingawa harufu yake huwakumbusha wengi dawa ya mafua na haifai sebuleni. Mrehani hunukia vizuri ukiwa mbichi kuliko ukiwa mkavu. Iliki ni ghali mno kwa kazi hii. Ganda lake tupu linalobaki baada ya kutoa mbegu linatosha.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji chupa wala vipimo vya makini. Vikombe vitatu vya maji hutiwa kwenye sufuria pamoja na kijiko cha chakula cha karafuu, kijiti cha mdalasini kilichovunjwa na maganda ya machungwa mawili au ndimu nne. Yakishachemka moto hupunguzwa sana, na sufuria huachwa wazi kwa nusu saa au zaidi. Mvuke hubeba harufu nyumba nzima, na ndiyo njia inayofaa baada ya kukaanga samaki au dagaa, maana jiko lenyewe bado lina joto. Wapikao kwa mkaa hutumia makaa ya mwisho yanayofifia, bila kuongeza mkaa mwingine. Maji yakikaribia kukauka huongezwa. Sufuria iliyosahauliwa jikoni huunguza viungo, na harufu ya mdalasini ulioungua huchukua siku mbili kutoka kwenye mapazia.

Spreyi ya kupuliza hudai uangalifu zaidi, kwa sababu moja: mafuta na maji havikai pamoja. Atakayedondoshea mafuta ya mchaichai ndani ya chupa ya maji ataona duara dogo la mafuta likielea juu. Bomba la chupa hunyonya kutoka chini, kwa hiyo atapuliza maji matupu mpaka mwisho, kisha mafuta yote kwa mpigo mmoja ukutani. Kinachoyaunganisha ni alkoholi. Spiriti ya dukani kwa dawa, ile ya kusafishia vidonda, ndiyo inayofaa. Spiriti ya maseremala na mafundi rangi haifai kabisa, kwani mara nyingi ina methanoli, ambayo ni sumu hata kwa kuivuta pumzi ndani ya chumba kidogo.

Utaratibu huanza na chupa tupu ya kupuliza iliyooshwa na kukaushwa. Vijiko vitatu vya chakula vya spiriti hutiwa kwanza, kisha matone 20 ya mafuta yenye harufu, na chupa hutikiswa hadi mafuta yasionekane tena. Hapo ndipo maji yaliyochemshwa na kupozwa, kiasi cha robo tatu ya kikombe, huongezwa polepole. Mtengenezaji ataona jambo la kuvutia: kimiminika kilichokuwa angavu hugeuka ghafla kuwa cheupecheupe. Hakijaharibika. Maji yamepunguza nguvu ya alkoholi, mafuta yamejitenga kwa vitone vidogo sana vinavyotawanya mwanga, na vitone hivyo vitaelea vikiwa vimesambaa kwa muda wa kutosha iwapo chupa itatikiswa kabla ya kila matumizi. Aliyebadili mpangilio akatanguliza maji hataupata weupe huo laini. Atapata madoa ya mafuta juu, na kutikisa kwake hakutasaidia sana.

Mafuta ya chupa ndogo yakiwa ghali, spiriti yenyewe huweza kuyatoa kwenye viungo. Vijiko vitatu vya chakula vya karafuu huvunjwavunjwa kwenye kinu, visisagwe kuwa unga, hutiwa kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko na kufunikwa kwa kikombe kimoja cha spiriti. Mtungi huwekwa mahali penye giza kwa wiki moja hadi mbili na hutikiswa kila siku. Spiriti hubadilika rangi ikawa kahawia iliyokolea. Huchujwa mara mbili kwa kitambaa kizito, kwa kuwa punje ndogo zikibaki huziba tundu la kupulizia, kisha huchanganywa na maji kiasi sawa inapotumika. Njia hiyohiyo huweza kutumika kwa mdalasini na kwa maganda ya machungwa yaliyokaushwa kivulini, baada ya kukwanguliwa utando mweupe wa ndani usio na harufu. Rangi yake ndiyo kasoro pekee. Haipulizwi kwenye shuka jeupe, wala kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi.

Wengine huruka spiriti kabisa na kutia chupani maji ya viungo yaliyochemshwa. Hufanya kazi kwa siku tatu au nne, kisha huanza kuchacha, kwani ni chai tu isiyo na kitu cha kuihifadhi. Ikiwekwa kwenye friji hufika wiki. Wapo pia wanaozimua dawa ya kulainishia nguo kwa maji, kizibo kimoja kwa chupa nzima. Hunukia, ni rahisi, lakini huacha utelezi sakafuni, na kwenye vigae vya bafuni utelezi huo ni hatari.

Kwa chumba kinachohitaji harufu ya taratibu siku nzima, jeli hushinda spreyi. Maelekezo ya vitabu vya Ulaya na Marekani hutumia jelatini, na hapo ndipo wengi wa pwani hukwama. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 30 hadi 35 hivi. Jeli iliyoganda vizuri ndani ya friji itakuwa maji matupu ifikapo mchana wa Februari huko Mombasa au Dar es Salaam. Kinachofaa ni agari, kitu kinachotolewa kwenye mwani, ambacho madukani huuzwa kwa jina la chaina grasi na hutumika kutengenezea faluda. Agari huhitaji maji yanayochemka ili iyeyuke, huganda kwenye nyuzi 35 hadi 40 bila friji, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ifike kama nyuzi 85. Hakuna sebule yenye joto hilo.

Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa agari hukorogwa ndani ya vikombe viwili vya maji baridi. Ikiwa ni ya nyuzi, huloweshwa kwanza kwa nusu saa. Huchemshwa huku ikikorogwa kwa dakika tano hivi, mpaka kijiko kikiinuliwa kisioneshe punje. Ikiepuliwa hutiwa kijiko cha chakula cha chumvi, ambacho huchelewesha ukungu, na rangi kidogo ya chakula kwa anayependa. Hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mafuta yakitiwa wakati sufuria bado inafuka, sehemu kubwa yake itapaa dakika hiyohiyo na jikoni kutanukia vizuri mno, halafu jeli ibaki haina kitu. Husubiriwa mpaka upande wa sufuria uweze kuguswa bila kuungua, lakini kabla utando haujaanza kujitengeneza juu. Ndipo kijiko cha chai cha mafuta, kilichochanganywa na kijiko cha chakula cha spiriti, hukorogwa humo haraka na vyote kumiminwa kwenye vikopo vifupi vyenye midomo mipana. Jeli hunukia kadiri inavyokauka na kusinyaa, kwa muda wa wiki mbili hadi nne kulingana na upepo. Ikionesha madoa ya ukungu hutupwa.

Mwani una uhusiano wa karibu na bidhaa hii kuliko wengi wanavyodhani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani unaokaushwa huko husafirishwa nje na kutolewa karajinani, kitu cha kugandishia kinachoingia kwenye dawa za meno, aiskrimu na pia kwenye jeli za kunukisha vyumba zinazouzwa madukani. Inawezekana kabisa kopo la plastiki linalonunuliwa Kariakoo likiwa limetoka ng'ambo limebeba zao la mwambao uleule. Kuutumia mwani mkavu moja kwa moja nyumbani si rahisi hivyo: ukioshwa mara nyingi na kuchemshwa kwa muda mrefu hutoa ute mzito, lakini harufu ya bahari hung'ang'ania, na kuishinda kunahitaji mafuta mengi kuliko thamani ya akiba iliyopatikana.

Pwani haikungoja makopo wala jeli ili nyumba zinukie. Kikuba, kifungu kidogo cha asumini, mrehani, waridi na vipande vya ua la mkadi, huvaliwa na wanawake na huwekwa pia kitandani na katikati ya nguo. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado tumba, kwa sababu hufunguka usiku na kutoa harufu yake yote saa hizo. Mlangilangi, unaoota Unguja na Pemba na ambao mafuta yake ni zao kubwa la Komoro, hufanya hivyo hivyo: maua machache ya manjano kwenye bakuli la maji hutosha chumba kizima kwa usiku mmoja. Kwa gharama ndogo na hatari ndogo, hakuna spreyi inayoyafikia.

Udi na ubani ni habari nyingine. Katika Zanzibar, Lamu na Mombasa, vipande vya udi hupikwa na sukari iliyoyeyushwa, huchanganywa na mafuta mazuri na kuhifadhiwa kwenye mikebe, kisha hutiwa kidogo kidogo juu ya kaa la moto kwenye chetezo. Harufu yake huingia kwenye nguo na mapazia ikakaa siku nyingi, ubora ambao maji ya karafuu hayana. Lakini moshi ni moshi. Chembe zake huingia mapafuni kama za moshi wowote, na kwa mwenye pumu au mtoto mchanga madhara huonekana upesi. Kufukiza hufanyika madirisha yakiwa wazi, kwa dakika chache, na chetezo hutolewa nje kabla ya watu kulala.

Vitu vya asili navyo vina madhara yake. Mafuta ya karafuu yaliyokolea huunguza ngozi, na mtoto akiyameza, hata kijiko kimoja cha chai, huweza kuharibika ini. Sitrali na mafuta ya maganda ya machungwa huwawasha baadhi ya watu macho na koo. Paka hawawezi kuyavunja mafuta mengi ya aina hii mwilini mwao, na ndege wa kufugwa ni dhaifu zaidi kwa chochote kinachopulizwa. Spreyi yenye spiriti hushika moto, kwa hivyo haipulizwi jikoni jiko likiwaka, wala karibu na mshumaa au koroboi.

Hatari mbili zinastahili kutajwa peke yake. Ya kwanza ni jiki. Dawa yoyote ya klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na mkojo uliokaa au sabuni yenye amonia hutoa gesi nyingine kali zinazounguza mapafu. Choo kilichosafishwa kwa jiki huoshwa kwa maji mengi na kuachwa kikauke kabla siki haijaletwa hapo. Ya pili ni vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini na kwenye masinki ya vyoo kwa sababu ni rahisi na harufu yake ni kali. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyoenea zaidi katika maeneo yenye malaria, huweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvaa tu nguo zilizohifadhiwa na vidonge hivyo. Kwa kabati la nguo za mtoto, kifuko cha karafuu kavu, maganda ya machungwa yaliyokauka na vipande vya mkaa wa vifuu hufanya kazi hiyo bila hatari hiyo, mradi kifungwe vizuri na kuning'inizwa mahali ambapo mkono wake haufiki.

Kuhifadhi ni jambo dogo lakini lina sheria moja isiyovunjwa: dawa ya kunukisha haiwekwi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Maji ya karafuu yaliyokolea hufanana na soda ya kola, na mtoto mwenye kiu hasomi kilichoandikwa ubavuni. Chupa ya kioo yenye rangi nzito, iliyobandikwa jina na tarehe ya kutengenezwa na kuwekwa rafu ya juu mbali na jua, huitunza spreyi yenye spiriti kwa miezi miwili au mitatu. Mtungi wa karafuu ndani ya spiriti tupu, usiotiwa maji bado, hukaa mwaka mzima bila kupoteza nguvu, kwa hiyo wenye nafasi huutengeneza mara moja msimu wa karafuu unapoanza na kuuzimua kidogo kidogo kadiri chupa ya kupuliza inavyoisha.